Ulichomwambia Mama Eliya

Saada mwanangu,

Nakuandikia mchana huu nikiwa studio, mlango nimeuegesha nusu ili wateja wadhani nimetoka kuswali. Wewe uko mtaani Buyenzi unawaaga shangazi zako, na kwa ninavyowajua, hawatakuachia mpaka ule katika kila nyumba. Kesho alfajiri kituoni nitakuwa nimeshika begi lako, nagombana na mtu wa bisi kuhusu nafasi ya dirishani, na sitasema neno la maana. Mambo ya sabuni, ya simu, ya kuvaa sweta mkifika kwenye baridi ya njiani, mama yako ameshakuambia na atakuambia tena. Mimi nina jambo jingine, na nikuonye mapema kwamba nimelianza bila kujua linaishia wapi.

Juzi Mama Eliya alikuja hapa.

Najua ukifika kwenye jina hilo utaacha kusoma kwanza. Endelea, nitamfikia. Ila siwezi kuanza naye, maana nikianza naye nitaonekana kama mtu aliyeelewa kitu, na mimi sijaelewa.

Nianze na ile hadithi yangu. Umeisikia misikitini na makanisani, umeisikia kwenye foleni za chanjo, tangu ulipokuwa mdogo wa kubebwa. Nasimama, nasema mimi ni mpiga picha. Nasema binti yangu alipokuwa na miaka miwili nilimpiga picha ya Idi dukani kwetu karibu na soko kuu, na katika picha ile jicho lake la kulia lilikuwa na weupe katikati, unang'aa kama la paka aliyemulikwa taa. Nikadhani ni flashi imenichezea. Nikafungua kompyuta, nikaupaka weupe ule rangi nyeusi, nikachapisha picha nzuri, nikaitundika. Na saratani ikaendelea kukua ndani ya jicho la mtoto wangu mpaka mama yake alipoona anagonga ubavu wa mlango kila akipita. Hapo mimi huinua picha ya mtoto mwingine, nawaonyesha weupe wenyewe, nawaambia wakiuona kwa mtoto wao wasingoje, wasitie dawa ya matone ya dukani, wampeleke akapimwe.

Wiki iliyopita mama yako alikuwa anakunja nguo zako, nami nimekaa pembeni nafanya mazoezi ya hadithi hiyo kwa sauti ndogo, kwa ajili ya mkutano wa Jumapili. Akasema, bila kuinua kichwa, kwamba haikuwa hivyo.

Nikamuuliza nini hakikuwa hivyo. Akasema siku ile mimi nilimwita kutoka nyuma ya duka, nikamwonyesha picha, nikamwambia kuna kitu sikipendi katika jicho hili, ngoja nimpige nyingine. Yeye ndiye aliyesema ni flashi tu. Yeye ndiye aliyetaka ipakwe, kwa sababu bibi yako alikuwa anaingojea picha Rumonge na gari lilikuwa linaondoka.

"Mi ndiye nilikuambia uipake, Papa Saada," akasema. "We ulikuwa unataka kupiga ingine."

Nikamuuliza kwa nini miaka yote hii amekaa kwenye viti vya mbele, ananisikiliza, hasemi. "Ulikuwa unaisema vizuri," akasema. "Na watoto walikuwa wanaletwa."

Akaendelea kukunja nguo. Saada, sijalala vizuri tangu siku hiyo. Ninapofunga macho naiona mikono yangu kwenye kompyuta, niko peke yangu dukani, saa ya joto. Naiona wazi kabisa. Lakini je, naiona kwa sababu ilitokea, au kwa sababu nimeisimulia mara nyingi mpaka ikajichora? Picha yenyewe iliungua pamoja na duka siku soko lilipoteketea, na bibi yako ni marehemu, sina wa kumuuliza. Na mama yako huenda anasema hivyo ili kunitua mzigo, kama anavyonifanyia katika mambo mengine. Nimemwambia hivyo. Akanijibu kwamba kama angetaka kunitua mzigo angenitua zamani.

Jambo moja hatubishani. Kule Kampala, tulikokupeleka kutibiwa, daktari alipotuambia kwamba jicho lazima litolewe, na litolewe upesi kabla ugonjwa haujapita kwenda kichwani, mimi nilisema ninakwenda kuswali kwanza. Nilizunguka mji ule nisioujua, nikaswali mahali, nikakaa, nikangoja moyo wangu uniambie neno. Haukusema kitu. Niliporudi ulikuwa umeshaingizwa ndani, na mama yako amekaa kwenye benchi ameshika viatu vyako. Alikubali peke yake. Hii siisimulii mikutanoni, na sijui kwa nini. Labda kwa sababu ndani yake sina la kufanya, nimetoka tu.

Kikundi chetu cha mikutano hii unajua kilivyoanza, lakini ulikuwa mdogo na huenda umechanganya. Tulikuwa tumeshahamia hapa Ngagara. Mama Bahati, ambaye wakati huo simjui, ni mama tu anayeuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, alimleta mtoto wake Bahati kupigwa picha ya karatasi fulani ya shule. Nikaangalia kwenye kioo cha kamera nikauona weupe. Safari hii nilisema. Nilisema vibaya, kwa haraka, mpaka mama wa watu akakaa chini sakafuni. Alimpeleka mtoto, wakaenda hospitali hii na hii, lakini Bahati alikuwa amechelewa sana, alifariki kabla ya mvua kuisha. Baada ya arobaini yule mama alirudi. Sikujua amekuja kunilaumu au vipi. Akasema watu wanapiga picha za watoto wao kila siku kwenye simu na hawajui wanachokiona, kwa hiyo tusiwangoje waje studio, twende sisi. Ndiyo hivyo tu. Yeye Mkristo kutoka Kongo, mimi mwana wa wauza vitambaa wa Kiarabu, hatukuwa na kitu cha kufanana isipokuwa ugonjwa huo.

Na tulikuwa na wewe. Ulikuwa unapandishwa kwenye kiti, na lile gauni la njano, unasema, "Mi naitwa Saada, niko na jicho moja, na mi ni wa kwanza darasani." Watu wanacheka halafu wanalia. Nilikuwa najivunia, nisikudanganye. Nilikuwa pia naona jinsi mkutano unavyobadilika ukisema wewe. Mama mmoja aliyekuwa amemficha mtoto wake kwenye kitenge alimfunua baada ya kukuona. Mtoto yule anaishi, unamjua. Sasa niambie, je, nilikutumia? Na kama nilikutumia, nimrudishe yule mtoto wapi?

Ulipofika darasa la kwanza la lise, yaani sekondari, tulialikwa shule moja kule Rohero. Mlangoni ulinishika mkono wa shati ukasema, "Apana, Papa. Leo sema we mwenyewe." Nilisema mwenyewe. Wanafunzi walisikiliza wakapiga makofi, hakuna aliyelia, na mimi nilirudi nyumbani nimekasirika. Nilimwambia mama yako wamekuwa wagumu siku hizi watoto wa shule. Sikujiuliza kwa nini nilitaka walie. Najiuliza leo.

Sasa Gatumba.

Ulikuwa ule mwaka mafuriko yalipowatoa watu tena majumbani kule mpakani mwa Kongo, wamelala kwenye mahema. Mama Bahati alisikia kwamba kuna mtoto ambaye jicho lake linang'aa jioni, na watu wameanza kusema mengine. Nilikuomba uje, ulikuwa hutaki, nikakuomba tena. Mtoto mwenyewe, Eliya, alikuwa bado hajatembea. Nilimpiga picha kwa flashi ya simu, weupe ukatokea, nikamwonyesha baba yake, yule kijana aliyekuwa anavusha unga mpakani kwa baiskeli. Aliniangalia kama mimi ndiye niliyeuweka mle.

Nilitoa maneno yangu yote. Nilisimulia kompyuta na rangi nyeusi. Alinisikiliza kwa adabu, halafu akasema, "Mutoto wangu hawatamutoa jicho. Kama ni kufa, afe na macho yake mbili." Nikamwambia, tazama binti yangu, anasoma, anacheka, amekosa nini. Nikageuka ili wakutazame, na wewe hukuwepo nyuma yangu. Ulikuwa umechuchumaa upande wa pili wa hema na mama wa mtoto. Ulikuwa umelitoa jicho lako la bandia, umelishika kwenye kiganja, naye ameinama analitazama, na mnaongea kwa sauti ya chini. Nilipokaribia mlinyamaza.

Tulikubaliana nao kwamba tutarudi kesho yake na gari la rafiki, tumpeleke mtoto kwa daktari wa macho. Kesho yake hema lilikuwa tupu. Majirani walisema wamevuka Kongo.

Njiani kurudi nilikuuliza ulimwambia nini yule mama. Ukajibu, "Nilimuambia ukweli." Nikakuuliza ukweli gani. Ukasema, "Ile aliuliza." Na mimi, mbele ya Mama Bahati na mbele ya dereva, nikasema umemtisha mama wa watu, umemkimbiza, na mtoto huyu akifa... Hapo nilinyamaza. Lakini najua kwamba sentensi uliimaliza mwenyewe moyoni, kwa sababu hukunitazama mpaka nyumbani, na tangu siku ile hukuja nasi tena popote. Mama Bahati aliniambia jioni ile kwamba nimekosea. Nilimjibu kwamba yeye hakusikia ulichosema. Akasema hata mimi sikusikia.

Halafu mwaka huu ukatuambia kwamba umepata nafasi Dar es Salaam, kusomea upimaji wa ardhi. Mimi nilikuwa nimeshamwambia kila mtu kwamba utakuwa daktari wa macho. Nilikuwa nimewaambia makanisa mazima. Nilikuuliza kwa nini ardhi, na wewe ukasema kile chombo cha kupimia wanakitazama kwa jicho moja tu, wenzako watakuwa wanafumba na wewe hutafumba. Mama yako alicheka mpaka akajishika mbavu. Mimi sikujua kama nina ruhusa ya kucheka. Nilichekea bafuni baadaye, peke yangu, kama mwizi.

Ndipo Mama Eliya akaja juzi. Wewe ulikuwa mjini umefuata laisepase yako, ile hati ya safari. Mwanamke aliingia na mtoto mgongoni, mtoto anatafuna andazi, nikadhani ni mteja. Akauliza, "Yule dada yuko?" Nikauliza dada gani. Akamshusha mtoto, akamgeuza anitazame. Upande mmoja jicho lake hai, linanikagua. Upande wa pili kope zimelala, pamepona. Alikuwa Eliya. Mtoto akanipa kipande cha andazi.

Alinisimulia akiwa amesimama, hakutaka kiti. Walivuka kwenda Uvira kwa kaka wa mume, wakampeleka mtoto kwenye nyumba ya maombi, wakakaa. Jicho likavimba, Eliya akawa halali, analia usiku na mchana. Siku moja alimbeba akaondoka bila kumuaga mume, akafika Bukavu kwa mama yake mdogo, na kutoka hapo wakampokea hospitali. Jicho likatolewa, kwa kuchelewa, ikabidi anywe na kuchomwa dawa zile kali, nywele zikaisha, zikaota tena. Sasa wanasema anaendelea vizuri lakini lazima arudi kupimwa mara kwa mara, na hakuna anayeweza kumwapia. Mume je? Mume alimfuata. Sasa ndiye anayembeba mtoto wakienda kupimwa, na hataki mtu mwingine ambebe.

Nikamuuliza swali ambalo nimelibeba tangu siku ile: binti yangu alikuambia nini?

Akasema, "Nilimuuliza inaumiza? Akasema ndiyo. Nilimuuliza watoto wanamucheka? Akasema ndiyo, na wakubwa pia. Nikamuuliza, kama ni we ndiye mama, ungekubali? Akasema, sijui. Akasema, mama yangu alikubali, na mi niko hapa naongea na we."

Saada, mimi katika miaka yote ile sijawahi kusema "sijui" mbele ya mzazi. Nilidhani nikisema hivyo mtoto atakufa.

Nikataka kujua zaidi. Nilikuwa nimemshika mkono, nafikiri nilimtisha. Nikamuuliza, je, maneno hayo ndiyo yaliwakimbiza, au ndiyo yaliyomrudisha hospitali? Nilitaka jibu moja kati ya hayo mawili. La kwanza lingenipa haki ya hasira yangu ya njiani, la pili lingenipa sababu ya kukupigia magoti. Yeye akanitazama kwa huruma.

"Papa Saada, siwezi kukudanganya," akasema. "Siku ile kila mutu alikuwa anasema, mi nilikuwa nasikia masauti tu. Tulivuka sababu bwana alisema tuvuke. Na nilienda hospitali sababu mutoto alikuwa halali. Ingine sijui."

Akakuachia salamu, akasema atapita tena, akaondoka kabla gari lake halijajaa. Na mimi nikabaki hapa na andazi mkononi.

Uliporudi jioni ile, umeshika laisepase yako, unang'aa uso, nilifungua mdomo nikuambie. Nikakuuliza kama umekula. Nilikuwa naogopa kwamba ukisikia Eliya yuko hai utalia, na mimi nitalazimika kukuomba msamaha mbele ya mama yako. Nilikuwa pia naogopa kwamba hutalia, utasema tu "sawa," utaendelea kupanga begi. Sijui ni ipi niliiogopa zaidi. Ndiyo maana unaisoma kwenye karatasi, ukiwa mbali, ambapo unaweza kufanya yote mawili.

Nilikukosea njiani siku ile. Nilipoanza kuandika nilidhani nakuomba msamaha kwa sababu mtoto amepona. Nimeandika mpaka hapa nikaona si hivyo. Kama Eliya angekufa, ningekuwa nimekukosea vilevile, wala nisingejua, ningekuwa naendelea kukutazama kwa jicho lile. Katika yote ninayokuandikia, ni hilo tu ninaloliona wazi.

Kuna jambo jingine, la mwili wako, na mama yako amesema nikuambie mimi kwa sababu yeye akianza analia. Madaktari wanasema ugonjwa huu wakati mwingine uko kwenye damu ya ukoo, na wakati mwingine unamtokea mtoto mmoja tu bila sababu. Kwako hatujui. Ulipokuwa na miaka kama kumi walikuja watu wa utafiti, wakatutoa damu sisi watatu, utakumbuka kwa sababu walikupa biskuti. Walisema wakipata majibu watatuletea. Nimeuliza sana. Aliyekuwa akituhudumia alihama, aliyemfuata hakujua habari zetu, na mimi sijui kama damu yetu ilisomwa au iko kwenye friji ya mtu mpaka leo. Kwa hiyo ninakuachia swali ambalo nilitaka kukuachia jibu lake. Siku ukijaliwa mtoto, apelekwe kwa daktari wa macho akiwa bado mchanga, kabla hujaona kitu, kabla ya picha. Na huko uendako, wakipatikana madaktari wanaoweza kuisoma damu hiyo, uwaulize ukitaka. Ukitaka. Ni damu yako. Sijui kama kukuambia hivi ni kukulinda au ni kukutia hofu ambayo hukuwa nayo. Nimejaribu kuipima, nimeshindwa.

Wanaoishi nawe wakikuuliza kuhusu jicho, waambie au usiwaambie. Nilikuwa nataka kuandika hapa kwamba ukiwaambia utaokoa mtoto wa mtu, maana ni kweli, inaweza kutokea. Nimeifuta mara mbili. Umeshasema vya kutosha juu ya kiti kile kabla hujajua kusoma. Na siku uliyosema kwa hiari yako, ulisema vizuri kuliko mimi, hata kama hakuna anayejua ilisaidia nini.

Jumapili tuna mkutano kwenye kanisa moja kule Kinama. Mama Bahati amepita hapa sasa hivi, amesimama mlangoni kwa sababu ana harufu ya ndagala, akaniuliza safari hii nitasema nini. Nikamhesabia hadithi nilizonazo. Hadithi ya kompyuta siwezi tena kuisimulia, kwa kuwa sijui kama ni yangu au ya mama yako. Ya kwako si yangu. Ya Mama Eliya hajanipa. Akaniambia basi nikae nyumbani. Nikamwambia hapana, nitakuja.

Nitasimama mbele yao, nitawasalimu. Nitawaomba kila mmoja amgeuze mtoto aliye mapajani mwake, amtazame machoni polepole, jicho hili, kisha lile. Halafu nitangoja nao.

Mungu akutangulie njiani, akukutanishe na watu wema, na akurudishe ukiwa umeshakuwa mtu ambaye mimi simjui bado.

Papa yako